Kanuni ya Nne ya Midoli ya Mbwa

"Wananchi wa Kata ya Mbingu, mnatangaziwa kuwa kuanzia leo hakuna mbwa atakayeruhusiwa kutafuna kitu nje ya utaratibu."

Sauti ilitoka kwenye spika iliyofungwa nyuma ya bodaboda, na mwenye sauti ni Kelestini, Afisa Mwezeshaji wa Kitengo cha Midoli, Mafunzo na Afya ya Kinywa cha Mbwa. Cheo kirefu hivyo, na jamaa wala hakucheka. Alikuwa anaamini, yaani kabisa. Alikaa semina Ifakara mpaka kamba ya kitambulisho ikamchubua shingo, akarudi anajua kwamba bonde la Kilombero limechelewa kwa sababu mbwa wake hawachezi.

"Mbwa akicheza na mdoli," alisoma, "akili inafunguka, meno yanasafishika na uchumi unakua." Uchumi unakuaje hakuambiwa, maana pale ndipo semina ilipofikia muda wa wali.

Kanuni zenyewe chache tu. Kila mbwa atafanyiwa usaili kwa mdoli rasmi, ule wa mpira, ukiuminya unalia kwii. Kandambili ni marufuku, huo ni mdoli usio rasmi. Kanuni ya nne, ambayo Mratibu Mkuu Silvano aliitunga kwa mkono wake na anaipenda kuliko kitinda mimba wake, inasema mbwa akishauma mdoli asinyang'anywe mpaka aachie mwenyewe, la sivyo ataharibika kisaikolojia. Mbwa atakayefeli anapelekwa Kituo cha Marekebisho. Kituo hakijajengwa, ila kufuli lilishanunuliwa.

Midoli ilikuja katoni nzima. Kata ikapewa mmoja. Mingine inatunzwa nyumbani kwa Mratibu Mkuu, ambaye hana mbwa ila ana watoto.

Kazi ikamshinda Kelestini kwa Odilia, mama mmoja mwenye shamba la mpunga ubavuni mwa pori. Mbwa wake anaitwa Watasema. Jina ni salamu kwa majirani, na majirani walishaipata.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Umekuja na kimpira chako."

"Mdoli, mama."

"Haya, mdoli. Huyu hachezi, huyu ana kazi. Mpunga umeshaanza kuinama, nguruwe pori wako hapo wanapiga miayo. Mkimbeba huyu, nibweke mimi?"

Kelestini alilipima jambo hilo kitaalamu. "Kwa sasa hatujapokea mwongozo wa binadamu kubweka."

Akaminya. Kwii. Watasema akamwangalia kama unavyomwangalia mtu anayekuuzia tiketi ya basi lililoshaondoka, kisha akarudia kandambili yake. Jamaa akaishiwa pozi. Mbwa mmoja tu akifeli, kata inakosa kuwa Kata ya Mfano, na yeye anakosa kuitwa Afisa Mwezeshaji Mwandamizi. Isitoshe, wali wa Odilia alishaula mara nyingi, asingependa uliwe na nguruwe.

Odilia ndiye aliyetoa wazo. Kila mdoli ukilia, mbwa apewe kipande cha kitoga, samaki wa mtoni humo humo. Haikuchukua siku nyingi. Ukilia kwii tu, Watasema huyo, anakuja kama mshale, mdomo wazi.

"Hiyo ndiyo saikolojia," Kelestini alisema.

"Hicho ndicho kitoga," Odilia akamjibu.

Siku ya usaili mvua ilishuka kinoma. Gari la Mratibu Mkuu likanasa kwenye tope, bosi akaja kwa miguu, anakatiza majaruba na viatu vyake vipya vya ncha kali. Watu walishajaa shambani kwa Odilia. Kelestini akatoa mdoli. Sasa, ule mdoli ulishapita kwenye meno ya mbwa wa kata nzima. Akauminya. Fff. Akauminya tena. Fff. Watasema akapiga mwayo.

"Amefeli," alisema Silvano. "Leteni kamba."

Odilia akamkumbatia mbwa shingoni. "Baba, subiri basi nivune."

"Mama, hapa hatuangalii mpunga. Tunaangalia meno."

Akasogea hatua moja amwoneshe hayo meno. Kiatu kilikuwa kimejaa maji. Kikasema kwii.

Kufumba na kufumbua Mratibu Mkuu yuko chini, amekalia tuta la jaruba, mguu juu, na kiatu kimo mdomoni mwa Watasema.

"Kelestini, mtoe huyu mbwa."

"Bosi, Kanuni ya Nne."

"Kanuni nimeitunga mimi."

"Ndiyo bosi. Imekaa vizuri sana."

"Basi mwambie aachie."

"Neno 'achia' ni la hatua ya pili, bosi. Anaambiwa mbwa aliyefaulu tu."

Watasema akahamia upande wa magego, anasafisha bila haraka.

"Basi amefaulu."

"Ongeza sauti kidogo bosi, wananchi wasikie."

"Amefaulu!"

Watu wakapiga makofi. Odilia akajifuta uso kwa khanga. Kelestini akasogea kikazi: "Watasema, achia." Mbwa akamtazama, akaendelea.

"Mbona haachii?"

"Hatua ya pili tunaanza Jumatatu, bosi."

Silvano akauchomoa mguu taratibu, kiatu akakiacha. Odilia, mama mwenye huruma zake, akamletea kandambili, moja nzima, nyingine imeliwa kisigino.

"Na hicho kingine kivue tu baba," alimshauri. "Bado kinalia."

Mratibu Mkuu akakivua, akavaa mdoli usio rasmi miguu yote miwili, akaondoka kuelekea gari lilikonasa. Watasema akainua kichwa. Akaitazama kandambili yake inavyokwenda. Akaachia kiatu mwenyewe, bila kunyang'anywa, akamfuata.

"Arudi kabla giza halijaingia," Odilia alisema. "Nguruwe hawasomi kanuni."

Kelestini alishawasha spika. "Wananchi, mnatangaziwa kuwa hatua ya pili, mbwa amefaulu."