Muhanga Niliyemkuta kwenye Meza ya Samaki

Sifa zote njema ni za Mola aliyetufikisha mchana huu tukiwa wazima. Baada ya hayo, ndugu zangu wa kundi hili, leo nimeumbuka.

Asubuhi nilitoka Lionja kwenda Ruangwa kumwona mjukuu wangu Zuhura, yuko kidato cha tatu. Tukapita sokoni kutafuta kitoweo. Kwenye meza ya mama mmoja anayeuza samaki wakavu nikaona ngozi nene isiyo na magamba, nyama nyeusi ya moshi, na mkia mrefu. Nikajua ni muhanga, yule mnyama wa porini. Kila mwaka ananichimbia mashimo kwenye mikorosho, na msimu uliopita nilitumbukia hadi kiunoni.

Sisi muhanga hatumli. Nikaona kusema ni wajibu, nikatumia sauti ya mimbarini (ninayo, nakiri).

"Mama, mbona unawalisha Waislamu muhanga?"

Wateja watatu wakarudisha vipande mezani. "Shehe kasema," wakanong'onezana. Kanzu nyeupe na ndevu, nani abishe?

Mama wa watu akainua kipande kimoja. "Shehe, unaniharibia biashara. Huyu ni taa, samaki wa baharini, katoka Lindi."

"Samaki gani mwenye mkia huu?"

Zuhura akanishika mkono. "Babu, subiri." Akaomba kisu, akakata kipande katikati, watu wakitazama. "Muhanga anachimba ardhi kwa kucha, na ana mifupa. Taa naye anajifukia, ila kwenye mchanga wa bahari, kwa kupigapiga mapezi. Hana mfupa hata mmoja, ni gegedu tupu. Tafuta, Babu."

Nikatafuta. Nikavaa miwani, nikatafuta tena.

"Halafu," akasema kwa sauti ya chini iliyosikika hadi kwenye meza za nyanya, "ndiye huyu Bibi anakupikia kwa nazi kila Ijumaa."

(Miaka thelathini namla. Kumbe hunifikia ameshakatwakatwa.)

Nikamwomba mama radhi mbele ya wale wale niliowatangazia.

"Nimekusamehe, Shehe. Ila simama hapa mpaka wateja warudi."

Nikasimama hadi adhuhuri, nikiita kwa sauti ile ile ya mimbarini: "Taa huyu, hana mfupa!" Wakarudi, wakanunua wote, hata kipande nilichokusudia kumpelekea Bibi.

Nimerejea nyumbani mikono mitupu, lakini kifua mbele. Mjukuu wangu kanirekebisha hadharani bila kunivunjia heshima. Chekeni kwa kiasi. Nawe uliyesoma hadi hapa, Mola akujalie kizazi chenye elimu, na ulimi unaouliza kabla ya kutangaza. Amina.