Kwaya Nzima Imepanda, Besi Yangu Iko Palepale

Guindulman, Bohol
Jumatano, 12 Agosti

Kwa Kiongozi wa Kwaya,
ambaye pia ni dada yangu wa tumbo moja,

YAH: OMBI LA KUSHUSHA SAUTI YA KWAYA, KINANDA NA KENGELE YA KANISA

Dada Perpetua,

Natumaini barua hii itakukuta mzima. Ningeweza kuyasema haya mezani kwa Mama, lakini mara ya mwisho nilipojaribu ulinisogezea bakuli la samaki ukaniambia nijaze mdomo. Kwa hiyo naandika.

Ilivyotokea ni hivi. Mwezi wa sita nilimsindikiza mke wangu Corazita kwenye mazishi ya mtu nisiyemjua, kule Tagbilaran. Hapo nikasikia gitaa la besi lisilo na vile vichuma vya shingoni vinavyogawa noti. Sauti ilikuwa ikiteleza kama mtu anayelia huku akijizuia. Nililia kumshinda mjane. Niliporudi nikaamua langu nalo liwe hivyo, na kazi niifanye mwenyewe, nyumbani. Nilivipasha moto vichuma vyote ishirini kwa ncha ya pasi, nikaving'oa kimoja kimoja kwa koleo, nikaziba mapengo kwa vipande vyembamba vya mbao nyeupe, vikabaki kama mistari, nikapiga msasa siku mbili, nikapaka vanishi. Malalamiko ya Corazita kuhusu pasi yake yanashughulikiwa kwingine.

Jumapili nikaja nalo kanisani. Kuanzia hapo, malalamiko yangu ni haya:

1. Katikati ya wimbo wa kuingia uligeuka na kuniuliza, mbele ya kwaya nzima, "Hilarion, unapiga besi au unaita nyati?" Watu wa sauti ya tatu walicheka mpaka wakapitwa na ubeti. Napenda kukujulisha kwamba nyati wa kulimia wa mzee Sesinando alikuwa amefungwa nje ya dirisha, hatua kumi kutoka kwangu. Hakugeuka.

2. Baada ya misa ulisema, "Rudisha vichuma vyako, la sivyo kaa kwenye benchi na waumini wenzako." Nafasi yangu ya miaka kumi na tisa ukampa Teodolfa. Si Teodolfa mzima, bali mkono wake wa kushoto, kwenye kile kinanda cha umeme.

3. Ulisema nimeshuka. Hili ndilo kubwa, na sikulijibu kwa hasira; nimelichunguza. Kwa siku tatu nimepiga besi yangu sambamba na kinanda cha Teodolfa, na wanafunzi wakiimba mstarini asubuhi, na karaoke ya jirani, na kengele ya muuza aiskrimu, na ya kanisa, na kile kipimo cha sauti kilichomo kwenye simu ya Corazita. Wote wamepanda. Na wamepanda kwa kiasi kilekile, kidogo tu, kama upana wa ukucha. Sasa fikiri, dada yangu. Mtu anayekosea hukosea huku na huku, leo juu, kesho chini. Mimi sitikisiki. Kilichohama ni mji. Sijui ulihama lini. Nashuku lile tetemeko la ardhi la miaka ile.

4. Baba naye, nasikitika kusema, amepanda. Anapooga anaimba ule wimbo aliomwimbia Mama dirishani enzi za uchumba, na yuko juu sawasawa na muuza aiskrimu. Ana miaka sabini na nane. Wewe ndiye mkubwa, nakuomba umkanye kwa upole.

Kwa sababu hizo naomba kwaya ishuke kwa upana wa ukucha kuanzia mazoezi ya Jumamosi. Kinanda kishushwe, au Teodolfa anyamazishwe. Na kengele ya kanisa iongezwe uzito. Shule nitaiandikia mwenyewe. Nakala ya barua hii nimemtumia Baba Askofu, maana huenda jimbo zima limeathirika.

Usidhani naandika haya kwa kiburi. Tarehe ishirini na nne wazazi wetu wanatimiza miaka hamsini ya ndoa. Baba amesema hataimba bila besi ya mwanawe. Wewe umesema hutaongoza nikiwepo. Jana Mama aliacha kumenya vitunguu akaniambia, "Miaka hamsini nimemvumilia huyu akiimba. Nyie wimbo mmoja tu mmeshindwa kuvumiliana?" Nilimsaidia kumenya.

Wasalimie shemeji, watoto, kuku wako, watu wote wa sauti ya kwanza, ya pili na ya nne. Wa sauti ya tatu wasalimie kwa kadiri utakavyoona inafaa. Teodolfa msalimie mkono wa kulia.

Ni mimi mdogo wako, mpiga besi wako hadi Jumapili iliyopita,

Hilarion

N.B. Nimelazimika kuifungua tena bahasha. Baba alipita kurudisha ndoo akanikuta napiga. Wajua alipiga fidla ujanani, nayo haina vichuma. Alinitazama vidole kitambo, akasema, "We Hila, mbona unabonyeza nyuma ya mstari? Hiyo ilikuwa desturi ya vichuma. Sasa havipo. Weka kidole juu ya mstari wenyewe." Nikasogeza kidole kwa upana wa ukucha. Mji wote ukashuka papo hapo, pamoja na shule na simu ya Corazita.

Kwa hiyo futa lalamiko la pili, la tatu na maombi yote. Lalamiko la nne lichane kabisa, Baba asilione. La kwanza linabaki. Nakala ya Askofu iliondoka na basi la asubuhi, tuombeane.

Baba ameketi hapa barazani. Ameimba ubeti wa kwanza wa ule wimbo wa dirishani nami nikamfuata, na pale mwisho besi iliteleza kama kule mazishini, akapangusa macho kwa kofia. Kisha akasema, "Kamwite dada yako." Mimi naona haya kuja, ndiyo maana nakuletea barua hii kwa mkono wa Corazita. Njoo na daftari lako la nyimbo. Ubeti wa pili hatuukumbuki, si yeye wala mimi.