Maji ya Ganga na Kikohozi cha Collins

Siku Collins alipoaga dunia, Arnold alikuwa katikati ya uongo. Alikuwa akimweleza msimamizi wa walinzi, pale hotelini West Bay, Doha, kwamba nyanya yake amefariki, nyanya yule yule wa mwaka jana na mwaka juzi. Kwa kawaida Collins angekuwa amesimama nyuma yake, akohoe. Kikohozi hicho ndicho kilichokuwa usukani wa ujanja wao wote: Arnold alitia chumvi, Collins alikohoa chumvi ilipozidi. Siku hiyo Collins alikuwa amebaki kulala, na hakukohoa mtu. Arnold akaendelea mpaka nyanya akazikwa na meno ya dhahabu. Msimamizi alicheka hadi machozi, akamnyima ruhusa.

Arnold aliporudi makaoni alikuta watu mlangoni pa chumba chao. Moyo wa Collins ulikuwa umesimama usingizini, kimya kimya. Mtu ambaye hata chai hakuweza kuichemsha bila kelele.

Mwili ulisafirishwa hadi kwao Bungoma, Kenya. Arnold aliomba kuusindikiza. Lakini nani atampa ruhusa ya msiba mtu aliyekwisha kumzika nyanya mmoja mara tatu? Hata machozi yake yalisifiwa kuwa ya ufundi. Nasimiyu, dada yake Collins, aliyekuwa akitandika vitanda katika hoteli hiyo hiyo, naye alinyimwa, kwa kuwa wageni walikuwa wengi. Basi waliobaki Doha ni wawili hao na kitanda kitupu.

Fursa ilimjia Arnold akiwa kwenye kiti cha kinyozi. Kinyozi Tiwari alikuwa Mhindi mpole aliyejiandaa kwenda likizo kwao, Haridwar.

"Mji wangu uko kando ya mto," Tiwari alisema, wembe ukiwa nyuma ya sikio la Arnold. "Watu wanatoka mbali. Wanaoga, wanasali, wanawaaga wafu wao. Kisha wanabeba maji kwenda nayo nyumbani."

"Mto unaitwaje?"

"Ganga."

Arnold aligeuka ghafla, nusura aliache sikio pale.

Jioni, uani pa makao yao, alikuwa amesimama juu ya kreti ya soda. Mbele yake walikuwa walinzi wanaoshinda juani, kila mmoja akiota kazi ya ndani, penye kiyoyozi.

"Ndugu zangu! Kuganga ni kufanya nini?"

"Ni kutibu," alisema Mutai, aliyelinda lango la magari kule Lusail na ngozi yake ilishuhudia.

"Na anayeganga?"

"Mganga."

"Sasa kuna mto unaitwa Ganga! Mnadhani neno lilitoka wapi? Babu zetu walikunywa huko! Ukinyunyiza maji yale kwenye kofia ya kazi, bosi akikutazama anaona mtu wa ndani. Likizo yangu ni wiki ijayo. Nitawaletea chupa chupa."

"Mimi ni mtu wa kanisa," alisema Philip, ambaye alikuwa tayari ameshika pochi.

"Naamani alipooga Yordani alikuwa wa kanisa gani?"

"Huo ni mto wa Biblia!"

"Na jua la Doha limo kwenye Biblia?"

Philip akafikiri. Akafungua pochi.

Hapo ndipo Collins angekohoa. Badala yake, Nasimiyu alisema kutoka nyuma, "Utaenda mwenyewe, Arnold?"

"Mwenyewe, dada. Walahi. Nitaingia mpaka kiunoni."

"Basi umuage Collins. Tiwari ameniambia kuna bakuli la jani, lina maua na taa ndogo. Unaliachilia majini, unataja jina. Mimi sikumuaga ndugu yangu."

Mtu mwenye akili angeshuka kwenye kreti.

"Nitamuaga," Arnold alisema, na ulimi ukaongeza wenyewe, "kwa hotuba."

Mpango wake ulikuwa rahisi: angejificha Al Wakrah, mji wa jirani, likizo yote, ajaze chupa kwenye bomba, arudi na macho ya mtu aliyeona mambo. Ili asishukiwe, alimwachia Nasimiyu pasipoti yake. "Nikatie viza, dada. Mimi mambo ya mtandao hunishinda." Na pesa za wateja akasema zikae kwa Nasimiyu pia mpaka siku ya safari. Tapeli aliyekomaa hujipaka uaminifu kama mafuta ya nazi. Arnold alijipaka hadi akateleza.

Siku ya likizo alitoka na begi lenye taulo tu. Gari lilikuwa likimngoja mlangoni. Ndani alikuwamo Tiwari, amevaa shati jipya, na Nasimiyu.

"Panda," Nasimiyu alisema.

"Mimi nachukua teksi, dada. Msisumbuke."

"Viza hii hapa. Tiketi hii hapa. Pesa za watu zote zimeingia humo. Mtasafiri pamoja na Tiwari, usije ukapotea."

Arnold alipanda, begi la taulo mapajani. Huko nyuma Mutai na Philip walianza kuimba wimbo wa kusafiria.

Ndiyo maana mtu aliyetaka kuuza mto bila kuuona alijikuta Haridwar. Kitu cha kwanza alichokiona ni madumu. Madumu meupe ya kila ukubwa, maduka kwa maduka. Maji yalikuwa ya bure; kilichouzwa kilikuwa chombo, mchana kweupe, bila uongo hata kidogo. Arnold aliyatazama maduka yale kama mtoto aliyechelewa shule akakuta wenzake wamemaliza mtihani.

Kwenye ngazi za mto watu huvua viatu. Palikuwa na bwana mmoja mwenye shati la kaki na filimbi shingoni, akisema kwa Kiingereza cha kuungaunga kwamba yeye ni mlinzi wa viatu. Mpita njia mmoja akasema kwa sauti, "Mimi huwa namwachia huyu siku zote!" Arnold, mlinzi kwa mlinzi, alimpigia saluti, akamkabidhi viatu vyake vya kanisani.

Maji yalikuwa baridi kama chuma, na kasi yake ilikuwa ya kutisha. Watu walishika minyororo wakioga wasichukuliwe. Kengele za ibada ya jioni zikalia, mioto ikainuliwa. Tiwari akampa bakuli la jani.

Arnold akasafisha koo. "Collins Wafula," alianza, "mtu ambaye hakuwahi kusema uongo maishani mwake, mcha Mungu, asiyejua hata harufu ya..."

Nyuma yake mtu akakohoa.

Aligeuka. Alikuwa bibi kizee tu, moshi wa taa umemwingia kooni. Arnold alimtazama mpaka bibi akaona haya. Kisha Arnold akauinamia mto.

"Nimekukosa," alisema, akaliachia jani.

Aliporudi juu, mlinzi wa viatu hakuwapo. Yule mpita njia pia hakuwapo. Tiwari alitaka kupiga kelele, Arnold akamshika mkono.

"Waache. Walikuwa wawili," akasema, na kwa mara ya kwanza tangu msiba akacheka.

Alirudi Doha na ndara za mpira na dumu moja. Wateja walikuwa wamejaa uani.

"Haya ni maji ya mto," aliwaambia. "Kwa wenyewe ni matakatifu. Lakini hayampeleki mtu kwenye kiyoyozi. Niliwadanganya."

"Msikieni!" alifoka Philip. "Ameonja nguvu zake, sasa anatuficha!"

"Aape!" alisema Mutai.

Arnold alikataa kuapa. Wakazidi kuamini kwamba maji yana nguvu.

Nasimiyu alimvuta kando. "Ulimuaga?"

"Nilimuaga."

"Kwa hotuba?"

"Kwa neno moja."

Akamtazama miguuni. "Na viatu?"

Akamweleza. Nasimiyu alicheka hadi akashika ukuta, kisha akalia pale pale ukutani, na Arnold akasimama karibu yake.

"Collins aliniambia zamani," alisema Nasimiyu akijifuta machozi. "Arnold akiapa walahi, jua hana nia ya kutimiza. Mimi nisingepewa ruhusa. Nilihitaji mtu aende."

Dumu liko juu ya kitanda cha Collins. Jumapili kitanda hicho kinapata mlinzi mpya kutoka Kampala, na Arnold ameambiwa aliondoe.