Habari za Siku Ile Pasi Iliposimama

Sogeeni, enyi mlioketi na enyi mliosimama mkisubiri nguo zenu! Wekeni chini mizigo, nyamazisheni simu, mwambieni yule anayepiga kelele huko nje kwamba ndani kuna jambo. Nitawasimulia vita ambavyo hakuna mtunza kumbukumbu aliyejisumbua kuviandika, vilivyopiganwa katika chumba cha dobi chenye dirisha moja, kati ya shujaa mwenye upara na pasi ya umeme. Nami namwomba Mwenyezi Mungu, aliyeumba mbingu na nchi bila kurudia sentensi, anisaidie nifike mwisho wa habari hizi bila kurudia sana.

Shujaa mwenyewe ni mimi. Najua mlitarajia mtu mrefu zaidi.

Mimi ndiye Mfua-Mashuka, Mkamua-Mablanketi, Mshinda-Madoa ya Mchuzi (ya wino bado tunapigana). Na katika umri ambao wenzangu wanatafuta kiti chenye mto, mimi nilitafuta dawati. Nilijiunga na madarasa ya jioni, nikaketi penye nafasi iliyopimwa kwa magoti ya mtoto, nikajifunza herufi kubwa na nukta, na mwezi ule tulipofundishwa kutunga hadithi, moyo wangu ukawaka kama jiko lililomwagiwa mafuta. Nilitaka, kabla Mungu hajaniita, nitunge hadithi moja ambayo mtu angeomba aendelezewe. Moja tu. Sikuwa mchoyo.

Lakini mbele ya njia yangu alisimama mpinzani ambaye majeshi yangemkwepa: mke wangu, Malkia wa Meza ya Pasi. Mkono wake ulikuwa haujawahi kuunguza nguo, si hariri, si kitani, si sare ya yule mlinzi anayetaka mkunjo wa suruali ukate kama wembe. Wateja huwapita madobi wengine njiani wakimfuata yeye. Na silaha yake, ambayo kwayo amewaangusha wachuuzi, wahubiri wa barabarani na wakwe zake wote, ni neno moja: "Mmh." Analitamka bila kuinua kichwa, pasi ikiendelea na safari yake, nawe unajikuta umesimama na maneno yako mkononi kama mtu aliyeletewa mzigo usio wake.

Jumatatu moja, aliyeanzisha vita alikuwa yeye.

"Baba," alisema, mvuke ukipanda kati yetu, "nguo zinaingia jioni. Na wewe jioni unatoka. Bega langu hili limebaki jina tu."

"Mama, nivumilie kidogo."

"Nimekuvumilia. Sasa nipe sababu. Si unasema mnafundishwa hadithi za kumshika mtu? Haya, nishike. Kabla ya darasa la Ijumaa nisimulie hadithi itakayoisimamisha hii pasi. Ikisimama, soma mpaka uote nywele upya. Isiposimama, jioni unarudi mezani, na habari za mwalimu zimekwisha."

Dada yake, ambaye hushona vifungo pale pembeni na ambaye ulimi wake haujawahi kukosa uzi, alicheka mpaka sindano ikamponyoka. "Pole, shemeji! Bora angekuambia usimamishe mvua."

Basi Jumanne nikashuka uwanjani na jeshi langu lote. Nilikuwa nimeumba ufalme, ndugu zangu, na sikuwa nimebania. Ulikuwa na majua saba na milima inayozungumza. Farasi walikuwa na mabawa, na mabawa yenyewe yalikuwa na manyoya ya dhahabu. Nilianza na nasaba ya wafalme, nikataja aliyezaa na aliyezaliwa, nikaja kwenye sarafu zao, nikaeleza mipaka ya mashariki, nikaeleza na ya magharibi ili isione wivu.

"Mmh," alisema Malkia, na pasi ikapanda kola.

Nikalitoa joka. Nikalipa moto wa kijani.

"Mmh."

"Shemeji," aliuliza yule wa vifungo, "huyo mfalme anataka nini hasa?"

"Hataki kitu. Ana kila kitu."

"Basi mwache apumzike, na sisi tupumzike."

Nikajaribu kuingiza joka la pili. Mke wangu akanyoosha mkono bila kunitazama. "Nipe wanga," akasema. Ufalme wa majua saba, ulionigharimu majuma ya kuandika na kufuta, ukaanguka kwa maneno mawili, na mimi mwanzilishi wake nikaenda kutafuta chupa ya wanga.

Jioni hiyo nilirudi darasani kama jemadari aliyepoteza hata viatu. Mwalimu wetu ni kijana ambaye ningeweza kumzaa, lakini ni mpole, na huwa hacheki mpaka umeondoka. Aliusoma ufalme wangu wote. Kisha akaweka kalamu chini.

"Mzee, nimeiona milima. Sasa niambie, nani anafua nguo za huyu mfalme?"

Nilishtuka. Mimi, dobi! "Hazichafuki, Mwalimu."

"Ndiyo maana siwezi kuingia. Mahali ambapo hakuna kinachochafuka nitashika wapi? Nipe jambo moja geni, mzee. Moja. Halafu ulitii, hata litakapokusumbua. Na nionyeshe mtu mmoja ambaye jambo hilo linaweza kumwumiza."

Asubuhi nilipiga magoti kati ya magunia ya nguo chafu, mahali ambapo sala zangu huwa nyepesi zaidi kwa sababu hakuna wa kumwonyesha. "Bwana," nikasema, "nisamehe yale majoka. Nipe jambo moja." Nikatega sikio. Hapakuwa na sauti kutoka mbinguni, palikuwa na bomba linalodondosha maji. Lakini nilipofumbua macho niliona suruali ya mteja kwenye kamba, imefuliwa na inang'aa, na kivuli chake ukutani, pale ulipoota ukungu, kikiwa na doa kubwa jeusi. Nikasema moyoni: suruali nimeifua. Na hicho, nani atakifua?

Nikasema amina mara mbili, nikaenda kuloweka mashuka.

Ijumaa ikafika. Jua lilikuwa limeinama, saa ya darasa inakaribia, na juu ya meza, nguo ya mwisho, lilikuwa limelazwa shati langu jeupe la shule. Malkia alikuwa amelibakiza kwa makusudi. Ningeshindwa, lingerudi kwenye hanga, na hanga lingerudi ukutani.

"Haya," alisema. "Nakusikiliza."

Sikutaja mfalme. Nilisema hivi: "Katika mji fulani, watu hupeleka vivuli vyao kwa dobi."

"Mmh." Pasi ikapita juu ya mkono wa kushoto wa shati.

"Maana kivuli kinaburutwa chini kutwa nzima, mama. Kwenye matope, kwenye vumbi, kwenye mate ya watu. Mtu mwenye kivuli kichafu katika mji ule hapewi kazi, wala haozwi."

"Mmh." Lakini lilikuwa fupi, ndugu zangu! Nimeishi na neno hilo miaka mingi, naujua urefu wake.

"Na alikuwepo dobi mmoja, mjane, ambaye hajawahi kupoteza kivuli cha mtu."

"Na akikipoteza?" aliuliza shemeji.

"Mwenyewe atatembea bila kivuli, na mji mzima utajua ni kazi ya nani. Mjane hatapata mteja tena. Na ana watoto."

Pasi ilikuwa imefika mgongoni mwa shati. Ndipo Malkia akanena, kichwa kikiwa bado kimeinama: "Anavianika wapi?"

"Nini?"

"Hivyo vivuli. Juani haiwezekani. Jua likifika utosini vinanywea. Atamrudishia mtu kivuli kifupi kuliko alicholeta?"

Mbingu! Sikuwa nimelifikiria hilo. Mimi niliyepima mipaka ya mashariki na magharibi nilikuwa nimesahau kamba ya kuanikia. Jasho likanitoka kwenye upara. Bwana, nikasali ndani kwa ndani, nipe chumba.

"Anavianika ndani," nikasema, "katika chumba kisicho na dirisha."

"Gizani?" Alitoa sauti ya dharau. "Gizani vyote si vitakuwa kitu kimoja? Atajuaje hiki cha nani na kile cha nani?"

"Ndiyo maana anawasha mshumaa mmoja, na anaukalia macho. Ukizimika, vivuli vinachanganyika na giza."

Pasi ikapunguza mwendo. Wameandika watu juu ya mito iliyokauka ili majeshi yavuke. Mimi naandika kwamba pasi ilipunguza mwendo.

"Siku moja," nikaendelea, na sauti yangu ilikuwa imeshuka yenyewe, "bega likamwuma yule mjane. Lilikuwa limemwuma kutwa. Akainama kidogo kulisugua, na pindo la gauni lake likaupepea mshumaa. Ukazimika."

"Ala!" Kifungo cha shemeji kikaviringika chini ya meza, asikifuate.

"Akapapasa. Akapata kiberiti. Akauwasha, akavitazama kwenye kamba, akavihesabu kimoja kimoja. Hakuna kilichopungua."

Mke wangu akashusha pumzi.

"Kimeongezeka kimoja."

Na pasi ikasimama.

Ikasimama, enyi wasikilizaji! Ile ambayo haikusimama kwa wahubiri, ile iliyopita juu ya majua saba kama inapita juu ya leso, ilitulia mgongoni mwa shati langu, na Malkia wa Meza akainua uso wake, akanitazama macho kwa macho, akasema: "Cha nani?"

Tulitazamana hivyo, sisi watatu, mpaka harufu fulani ikaingia katika historia.

"Dada! Pasi!"

Akainyanyua. Katikati ya mgongo wa shati palikuwa na alama ya kahawia, yenye ncha juu na upana chini, safi kama muhuri wa serikali. Nguo ya kwanza kuungua katika maisha yake yote ya kazi. Tuliitazama. Nikangoja radi.

"Cha nani, baba?" alirudia, kana kwamba shati halipo.

"Sijui."

"Hujui vipi? Wewe si ndiye mtungaji?"

"Nimefika hapo tu, mama. Naapa."

Shemeji akashika kichwa. "Huyu anatuua, dada! Anatuzimia mshumaa halafu anasema hajui!"

Mke wangu alilichukua lile shati, akalikung'uta, akanivika mwenyewe, akanifunga vifungo kimoja baada ya kingine kwa ukali wa mtu anayefunga gunia. "Nenda darasani," alisema. "Muulize huyo mwalimu. Waulize wenzako, muulize Mungu. Usirudi hapa bila kujua kile kivuli ni cha nani."

"Na nguo za jioni?"

"Utazipiga pasi wewe alfajiri. Nenda, unachelewa!"

Hivyo ndivyo shujaa alivyotoka vitani, akiwa na bendera ya ushindi mgongoni, nyuma kabisa, mahali ambapo yeye peke yake hakuweza kuiona. Mwuza viatu alicheka. Mlinzi mwenye mikunjo ya wembe alicheka pia. Nilitembea nikimshukuru Mungu kwa sauti, jambo lililowachekesha zaidi.

Sikuwa nimefika mbali niliposikia sauti yake mlangoni: "Na yule mjane asikose wateja! Umesikia?"

Nikageuka ili nimwahidi. Jua la jioni lilikuwa limekinyoosha kivuli chake kutoka kizingitini hadi kwenye mtaro wetu wa maji machafu, kichwa na mabega vikiwa vimezama kwenye povu. Naye akatazama chini, akakiona. Wafalme wameteka miji wasipewe heshima niliyopewa mimi jioni ile: mke wangu, polepole, akijifanya anarudi tu ndani, alipiga hatua moja nyuma, akakitoa.