Milimita Mia Sita kwa Ndege wa Bibi

Jumatatu, 9 Juni

Kurasa wenzangu katika mapambano! Makomredi wenye mistari iliyonyooka!

Historia imepiga hodi. Mhitimu mmoja wa zamani, mwenye duka la kamera, ameahidi kukipa Chama chetu cha Wapiga Picha za Wanyamapori kifaa kimoja. Kimoja tu! Ama bodi mpya ya kamera, yaani kamera yenyewe bila lenzi, ama lenzi ndefu ya milimita mia sita. Kura ni keshokutwa. Kamera tuliyo nayo imezeeka. Kabla ya kupiga picha hupiga chafya. Lenzi yake ni fupi kiasi kwamba nyati aliyesimama ng'ambo ya bwawa huonekana kama punje ya harage yenye pembe.

Mimi, Katibu Mwenezi, nasimama na lenzi. Sababu ya hadharani: umma umechoka kuwatazama twiga wenye kimo cha njiti ya kiberiti. Sababu ya faragha, nanyi msiitoe nje ya daftari hili: Bibi.

Bibi ni mshonaji. Amenilea nyuma ya cherehani yake tangu nina miaka minne. Dirishani pake huja ndege mdogo, mgongo wa kijani, tumbo la kijivu, mkia umesimama kama kidole cha mwalimu. Huchukua vipande vya uzi ambavyo Bibi humwekea kwenye kisahani, akaenda kuunganishia majani kwenye ua wa miti, ndiyo kiota chake. Bibi humwita Fundi Mwenzangu. Huzungumza naye habari za wateja.

Jumamosi nyumba inarudi kwa mwenye nyumba. Mimi nahamia bwenini. Bibi anahamia kwa Shangazi, ghorofa ya nne, na magoti yake yakishazipanda ngazi zile hayatashuka tena kwa ajili ya kusalimia ndege. Jana, akitunga uzi kwenye sindano, alisema haniombi kitu kikubwa. Nimpigie picha Fundi, ili aende naye. Basi.

Nimeapa. Tena itakuwa picha ambayo kila unyoya utahesabika!

Adui yangu ni Sekunde. Mwanafunzi wa kike wa uhandisi. Tumempa jina hilo kwa kuwa hamalizi sentensi bila kutaja sehemu ya sekunde. Anataka bodi. Anadai ya sasa ina macho mazito, na mwanga ukipungua kidogo picha hutoka chenga kama mchele uliokobolewa vibaya. Anasema haya yote kwa utulivu, akitabasamu. Mtu anayetabasamu namna ile lazima ana ajenda. Nimelichunguza tabasamu hilo kwa makini mkutano mzima.

Jumanne, 10 Juni

Kampeni imeanza. Umma hauwezi kuupigia kura utukufu ambao haujauona. Kwa hiyo nimeazima kwa fundi bomba kipande cha bomba la plastiki, urefu wa mkono, nikakigandisha kwa gundi mbele ya kamera ya chama, nikatembea nacho chuo kizima. Mafanikio makubwa! Watu waligeuka. Wengine walikimbia.

Mbele ya maktaba nilimwelekezea mlinzi, ili aone ukubwa kwa ukaribu. Akalala kifudifudi nyuma ya meza yake.

Nilikaa kibandani mwake saa moja na nusu nikijieleza. Aliyenitoa ni Sekunde, kati ya watu wote! Alimwambia mlinzi kwamba hilo ni bomba la maji tu, na kwamba huyu komredi wetu ana kelele nyingi lakini moyo wake mzuri. Moyo mzuri! Sijawahi kutukanwa hivi. Mlinzi akasema moyo auache nyumbani na bomba pia.

Gundi ikakataa kuachia. Sekunde akaitoa kwa mafuta ya kupikia na kitambaa, polepole, bila kukwaruza kamera. Sikumshukuru. Nilimshikia chupa ya mafuta.

Jumatano, 11 Juni

Ushindi! Ushindi! Ushindi!

Nilipanda juu ya kiti. Nikauliza ukumbi kama tutaendelea kumwona simba kwa ruhusa ya umbali. Ukumbi ukajibu hapana. Nikauliza ni nani aliyeamua kwamba tai awe mali ya anga peke yake. Hakuna aliyejua, ila walipiga makofi.

Kisha Sekunde akainua mkono, akauliza kitu kimoja. Mnyama akiwa karibu, lenzi hii inaanza kumwona vizuri kuanzia mita ngapi? Akasema lenzi huchaguliwa kwa kuuliza kwanza kinachopigwa picha kitakaa wapi. Nikamjibu kwamba hilo ni swali la mtu aliyeridhika na kupiga picha kuku. Kicheko kikubwa! Naye alicheka. Hiyo iliniharibia kidogo.

Kura kumi na nne kwa tisa. Mzee wa Stoo, mtunza vifaa wetu, akanikabidhi lenzi mpaka Jumatatu na akaanza kunisomea masharti yaliyoandikwa kwenye boksi. Nilitia saini akiwa bado mstari wa pili. Nilitia kwa mkono wa kushoto, maana wa kulia ulikuwa juu, ngumi imekunjwa.

Alhamisi, 12 Juni

Lenzi imeingia nyumbani. Ina uzito wa mtoto mchanga aliyeshiba. Bibi aliitazama juu ya miwani, akauliza: mume wangu, hilo bomba ni la choo au la jikoni? (Kwa Bibi mimi ni mume wake tangu nilipoota meno. Marehemu Babu alishindwa kesi hiyo mapema.) Nikamweleza kwamba hili ni jicho la umma. Akasema umma una jicho kubwa, ila uso wangu haujaoshwa, nikanawe.

Saa moja na nusu asubuhi Fundi akatua. Mimi kwenye ukingo wa kitanda, hatua mbili kutoka dirishani. Nikabonyeza. Lenzi ikanguruma kwenda mbele, ikanguruma kurudi nyuma, mbele, nyuma, kama mtu anayetafuta funguo mifukoni. Ndani yake: ukungu wa kijani. Nikajibana ukutani. Ukungu. Ndipo nikasoma boksi. Lenzi hii haioni kitu chochote kilicho karibu kuliko mita nne na nusu.

Chumba cha Bibi kina mita tatu.

Makomredi, nilipanda juu ya kiti kupigania jicho lisiloweza kumwona anayekuja karibu nawe!

Mwanamapinduzi harudi nyuma. Nikarudi nyuma: mlangoni, koridoni, mpaka jikoni kwa jirani wa mkabala, Mama Pacha, aliyekuwa akikaanga mayai. Nikalala kifua juu ya meza yake, kati ya vikombe viwili vya uji. Milango miwili wazi, mita saba, mstari mmoja hadi dirishani. Mama Pacha akauliza kama sasa tumefikia kupelelezwa, na kama ndivyo basi nisubiri afunge kilemba. Pacha mmoja akanitia kijiko cha uji sikioni.

Nilipiga picha arobaini. Thelathini na tisa ni mvuke wa mayai. Ya arobaini ni kiwiko cha Bibi. Kikali ajabu! Kovu la pasi, aliloungua akinyoosha sare yangu asubuhi ya mtihani, linaonekana mpaka ukingo wake. Ndege hayumo hata mkia.

Kidole kilikuwa juu ya kitufe cha kufuta. Sikubonyeza. Kwa nini, sijui.

Ijumaa, 13 Juni

Mkakati mpya, wenye kipaji! Kama lenzi haimfikii ndege, ndege aifuate lenzi. Alfajiri nilikihamisha kisahani cha nyuzi mpaka mwisho wa ua, nikasimamisha kamera kwenye miguu yake mitatu, mita tano kamili, nimepima kwa utepe wa Bibi. Nikangoja nikiwa nimejifunika shuka.

Fundi hakuja kwenye kisahani. Alikwenda dirishani, kama kawaida yake, akakuta patupu. Akasimama. Akageuza kichwa huku na huku. Bibi alikuwa amekaa pale kwenye cherehani. Nilimwona akipapasa mezani, akakosa kisahani, kisha akainama akachomoa uzi kwenye pindo la gauni lake mwenyewe, akaunyoosha kwa vidole viwili.

Na Fundi akauchukua. Mkononi! Miaka mitatu hajawahi kula wala kuchukua chochote mkononi mwa mtu!

Nikaigeuza lenzi kwa nguvu zote. Miguu mitatu ikanasa kwenye shuka, tukaanguka wote: mimi, shuka, umma na jicho lake. Nimepata picha moja ya anga. Anga tupu.

Bibi akatoa kichwa dirishani, uso umewaka kama wa msichana. Akauliza: umeona? Umempata?

Nikasema nimempata.

Sijui kwa nini nilisema hivyo. Alishukuru mara mbili. Akarudi kufunga nguo zake kwenye sanduku, akiimba.

Saa kumi jioni nilikwenda stoo. Sekunde alikuwepo, anafuta vumbi kwenye lenzi fupi ya zamani. Nikamwambia naihitaji kwa ajili ya utafiti kuhusu mbinu za upinzani. Akaendelea kufuta. Nikamwambia pia kuhusu mita nne na nusu. Kisha kuhusu kisahani, uzi wa pindo, na uongo wangu. Nilidhani atacheka, nilikuwa nimeshaandaa jibu.

Alisema tu: "Sasa komredi, si ungesema tangu mwanzo kwamba ni Bibi? Hata mimi ningekupigia kura." Akauliza gari linakuja saa ngapi.

Jumamosi, 14 Juni

Gari la Shangazi saa tatu. Sekunde alifika saa moja, na lenzi fupi mfukoni, imefungwa kwenye soksi safi.

Nilimkiria Bibi kila kitu mlangoni. Nilikuwa nimeandaa aya nne na utangulizi. Bibi akanikatiza aya ya kwanza, akasema alijua tangu jana, maana nikidanganya huwa natazama dari, na jana nilitazama dari nikiwa uani. Kisha akamtazama Sekunde toka juu hadi chini, akaniuliza: huyu ndiye mke mwenzangu? Nikadondosha kifuniko cha lenzi. Sekunde akampigia Bibi goti kidogo, akasema yeye amekuja tu kusaidia, lakini akipangiwa zamu hatakataa. Wakacheka muda mrefu. Mimi nilikuwa chini ya kitanda nikitafuta kifuniko. Nilikitafuta kwa muda wa kutosha.

Lakini Fundi hakuja. Saa moja na nusu, hakuna. Saa mbili, hakuna. Chumba kilikuwa kimya, vitu vimefungwa. Sekunde akauliza Bibi huwa anafanya nini asubuhi ndege akija. Nashona, akasema Bibi. Cherehani ilikuwa imeshaviringishwa kwenye blanketi na kufungwa kamba.

Tukaifungua. Wakati huo huo Shangazi akaingia, mapema, akapiga kelele kwamba watu hawa wana wazimu, dereva anangoja, na cherehani ndiyo kitu alichowasihi wakifunge kwanza. Bibi akamwambia akae. Shangazi ana miaka hamsini na mbili. Akakaa.

Hapakuwa na nguo ya kushona. Bibi akautaka mkanda wa begi la kamera, uliokatika tangu nilipoanguka jana. Cherehani ikaanza mwendo wake ule ule niliokuwa nikilalia mchana nikiwa mdogo. Tarara, tarara, kimya. Tarara.

Sekunde akaniwekea kamera mikononi. Alinong'ona kasi ya kamera isipungue sehemu moja ya mia mbili ya sekunde, nami nikatii, naandika hili kwa aibu. Nilikuwa nimekaa sakafuni, goti langu limegusa goti la Bibi.

Fundi akatua. Bibi akanyoosha uzi. Nikabonyeza. Kamera ikapiga chafya, ndege akaruka, uzi mdomoni.

Picha moja. Ndege ni mdogo, hapiti ukucha. Unyoya hauhesabiki hata mmoja. Nilianza kumwomba radhi Bibi kwa udogo huo. Akaisogeza kamera mbali, akaisogeza karibu, miwani juu, miwani chini. Akasema: mbona na mimi nimo? Mkono wake umo, na kovu, na uso wake ukicheka, na cherehani, na dirisha lote. Lenzi fupi haina adabu, hubeba kila kilichopo.

Kisha akasema nitoe mbili. Moja yake, aende na Fundi. Moja yangu, maana huko bwenini hakuna atakayeniambia nikanawe uso.

Shangazi aligeukia ukutani. Mimi niliingiwa na vumbi machoni. Blanketi lile lilikuwa na vumbi jingi, Sekunde ni shahidi.

Jumapili, 15 Juni

Makomredi, nimefanya uchambuzi wa kina, na kosa limebainika. Milimita hazikutosha!

Ushahidi: Shangazi amepiga simu kulalamika kwamba siku ya kwanza tu, Bibi keshaweka kisahani cha nyuzi dirishani. Ghorofa ya nne! Nani atajua kama kuna ndege atakayekuja? Lazima pawe na ulinzi wa kudumu. Nimepanda juu ya paa la maktaba (mlinzi amenitambua, akalala chini kwa mazoea) na dirisha lile linaonekana, dogo kama stempu. Kwa milimita mia nane, nikiongeza kikuzaji nyuma yake, ningemwona Bibi kila asubuhi mpaka sindano yake.

Nilimwonyesha Sekunde mchoro. Aliutazama kwa heshima. Akasema kutoka maktaba hadi kwa Shangazi ni mwendo wa dakika ishirini, na jengo lina ngazi, na Bibi amekwisha kutualika chakula. Fikra finyu kabisa! Nimemwambia tutakwenda, ila kwa ajili ya kupima umbali.

Mkutano wa dharura ni kesho Jumatatu, saa kumi kamili alasiri, mlangoni mwa stoo, mara tu nitakaporudisha lenzi. Ajenda ni moja: milimita mia nane. Sekunde atakuja kupinga. Nimemwekea kiti.