Namba Moja ni Yangu

Jumatatu, 3 Machi

Kura imepigwa. Nimepata Namba Nane. Namba Nane! Mimi, niliyekuwa karani mkuu wa ghala zima! Na shemeji yangu, mwendesha winchi, ameondoka na Namba Moja.

Nieleze, maana jambo lisiloelezwa vizuri huzaa fitina. Ghala letu la zamani pale gatini linageuzwa fleti. Stoo nane zimepangana kama mabehewa, na kila stoo itakuwa fleti moja. Sita zimekwisha kuuzwa kwa watu wenye magari. Mbili kampuni imewatengea wazee waliofanya kazi humo, wakae bure hadi mwisho wa uhai wao. Wazee tuliobaki ni mimi na yeye.

Sasa, mtu yeyote wa ghala anajua kwamba stoo zetu zilihesabiwa kuanzia majini, kwa sababu shehena ilitoka majini. Namba Moja ndiyo yenye upepo, mwanga na meli. Namba Nane iko barabarani, tulikokuwa tukitupa makreti yaliyovunjika.

Msimamizi wa ujenzi alitia vikaratasi ndani ya kofia yake ngumu. Kwa ustaarabu nikamwambia shemeji atangulie. Ustaarabu umeniponza.

Jumanne, 4 Machi

Shemeji amepita asubuhi kunipa pole. Pole! Tangu lini mshindi akampa pole mshindwa, kama si kumtonesha kidonda? Akasema nitakuwa nikienda kwake tutazame meli. Nilitabasamu hadi mashavu yakauma.

Nikaanza kazi. Nikamweleza, polepole, kwamba upepo wa majini ukiingia kwenye magoti ya mzee hautoki tena. Akajibu kwamba magoti yake hayajalalamika. Nikasema unyevu huozesha godoro. Akasema godoro lake lilioza zamani, halina cha kupoteza. Mtu wa winchi huyu! Ukimpa hoja anaining'iniza hewani, haishuki.

Jumatano, 5 Machi

Nimekwenda ofisini kwa msanifu majengo. Binti mpole, penseli sikioni. Nikamweleza kwamba kwa desturi karani mkuu alikaa Stoo Namba Moja, apate kuiona meli kabla ya mtu mwingine. (Mimi nilikaa Namba Nne, jirani na choo. Lakini desturi ni jambo pana.)

Akasema kubadilishana ni ruhusa, mradi tupatane wenyewe. Kisha akatandaza mchoro mezani, akaanza kusema eti kabla sijaamua anionyeshe namba zilivyokaa. Nikamkatiza kwa upole. Nikamwambia, mwanangu, ghala hili nalijua tangu mama yako hajaota meno. Michoro ni ya wageni. Badala yake nikamfundisha jinsi magunia yanavyopangwa yasije yakaporomoka. Nilipofika kwenye magunia ya chumvi akatazama saa. Vijana hawana subira na elimu.

Alhamisi, 6 Machi

Mke wangu ni dada yake shemeji, mkubwa wake. Nikamwomba aseme naye. Akanitazama kuanzia upara hadi ndara. Akauliza kama ameolewa na mzee au na mtoto wa chekechea anayelilia bembea. Nikamwambia nayafanya haya yote kwa ajili yake, apate upepo jikoni. Akasema upepo anaouhitaji ni wa mimi kutoka jikoni.

Hata hivyo alimpigia simu mdogo wake. Sikusikia yote, mlango ni mzito. Nilisikia "mzoee tu, ndivyo alivyo," kisha kicheko kirefu.

Ijumaa, 7 Machi

Ushindi! Shemeji amekubali. Hakuweka hata sharti. Akasema, "Shemeji, dada yangu umemtunza. Chukueni Namba Moja. Mimi huko barabarani nitatazama wapita njia. Watu nao ni meli."

Nilikasirika kidogo. Angegoma ningefurahi zaidi. Wema wa namna hiyo ni kiburi kilichovaa kanzu safi.

Tumetia sahihi mbele ya msanifu majengo. Binti akafungua kinywa. Nikainua kidole. Akakifunga.

Jumatatu, 17 Machi

Mabati ya uzio yameng'olewa, tumepewa funguo. Nikatangulia kwa madaha, nikashika njia ya majini. Binti akaniita: "Mzee, yako ni huku."

Huku wapi? Huku barabarani! Lango kuu wameliweka upande wa barabara, maana wakazi wa leo huja kwa gari, hawashushwi na winchi. Namba zinaanzia langoni. Namba Moja ni pale pale pa makreti. Dirisha langu linatazama gereji ya pikipiki. Tulipofungua mlango pikipiki moja ilikuwa inajaribiwa. Ikanguruma, ikazima, ikanguruma. Mke wangu akalifunga dirisha taratibu mno. Afadhali angelibamiza.

Nikaenda kuiona Namba Nane. Shemeji alikuwa amesimama kwenye lile lango kubwa alilokuwa akipandishia mizigo. Sasa limetiwa kioo. Nje meli ilikuwa inaingia, nyeupe pee, kama inakuja kwake binafsi. Machozi yalikuwa yakimtoka, mjinga yule. Nilitamani hata machozi yake.

Jumanne, 18 Machi

Nimemweleza msanifu majengo kosa lake. Akasema alijaribu kunionyesha. Nikamwambia anayeeleza lazima ahakikishe ameeleweka. Hiyo ndiyo kanuni ya kwanza ya ualimu. Hakuandika popote.

Jumatano, 19 Machi

Shemeji amekuja, kofia mkononi. Ameapa kwamba naye alihesabu kuanzia majini, kama mimi. Akasema usiku wote hakuwa na raha, dada yake anakohoa moshi wa pikipiki, basi turudishiane. Binti wa michoro amekubali, ila mwisho ni Ijumaa adhuhuri. Mke wangu alikwisha kuanza kushusha mapazia.

Nikamwambia ayaache.

Nieleze. Mtu mwenye akili timamu hatoi maji na meli ili apewe gereji. Haiwezekani. Huyu amekuja hapa, amepapasa ukuta, ameitazama dari, ameguna. Ameona kitu. Namba Moja ina jambo, nami nikiwa karani mkuu sitakuwa wa mwisho kulijua. Nikamjibu kwa upole wa kizee kwamba fleti yangu inanitosha sana. Akanitazama kwa huzuni. Huzuni ya mtu aliyegunduliwa!

Mke wangu amekunja mapazia yake, ameenda kuyatundika kwa mdogo wake. Amesema nikimhitaji, nifuate upepo.

Ijumaa, 21 Machi

Adhuhuri imepita. Nimeshinda zabuni ya uvumilivu. Asubuhi nzima nilikaa nyuma ya mlango, komeo nimelitia, shemeji asije akanibembeleza tena. Hakuja. Ujanja.

Nimegonga kuta zote. Bado sijapata kitu, lakini upande wa gereji panalia kama pana uwazi ndani. Mwenye gereji alinipungia mkono dirishani, akaniuliza kama kelele hazinisumbui, kwani anaweza kusogeza pikipiki mbali kidogo.

Anajifanya mwema. Nadhani naye anaitaka Namba Moja.