Dereva wa Kukodi Kwenye Posa Yangu Mwenyewe

Jamani, leo nimeadhirika. Kabla hamjaletewa habari na watu wa Kerege, isikieni kwangu mwenyewe. Mimi angalau nitaisimulia kwa huruma.

Mnajua kwamba mwezi jana wazee wangu walikwenda Kerege kuniposea Mwanaidi, binti wa Mzee Kombo, mzee ambaye mpaka leo hajawahi kuniona. Leo ilikuwa siku ya kupokea jibu. Na mnajua mposaji haendi kwenye posa yake. Anakaa nyumbani anatetemeka. Shida ni kwamba wazee walihitaji gari, gari lililopatikana ni lile lori la mbata la tajiri wangu, na dereva wa lori hilo ni mimi.

"Utatupeleka," akasema Ami Shabani, ndugu yake marehemu baba, ambaye ndiye msemaji wetu. "Lakini leo wewe si wewe. Ni dereva tu. Hushuki, husemi, hukohoi."

"Ndiyo, ami."

"Na kofia uishushe mpaka kwenye nyusi."

Nikaishusha. Kofia mpya, nyeupe, ya kushonwa kwa mkono. (Ya nini kofia mpya kwa mtu asiyetakiwa kuonekana? Msiniulize.)

Sasa lile lori stata yake ilishakufa zamani. Ukitaka kulizima, sharti ulizime kwenye mteremko, pua ikitazama chini, ili wakati wa kuondoka uliache liserereke, utie gia, liwake. Kwa bahati nyumba ya Mzee Kombo iko juu ya kilima kidogo. Nikaliegesha mbele ya baraza yake, pua chini, tukaweka jiwe kwenye gurudumu. Wazee wakashuka na kanzu zao, wakapiga hodi, wakaingia.

Ningetulia pale, leo ningekuwa mtu. Lakini dirisha lilikuwa wazi, nikamsikia Ami Shabani ananipamba.

"Kijana wetu ni fundi! Injini anaijua kama mama anavyomjua mwanawe."

"Mashaallah," akasema Mzee Kombo. "Na huyu aliyewaleta?"

"Aah, huyo wa kukodi tu."

Wa kukodi! Roho ikaniuma. Na hapo hapo pazia la chumba cha pili likasogea, nikaona jicho. Jicho moja tu, lenye wanja. Jamani, kwa jicho lile hata nyinyi mngefungua boneti.

Nikafungua. Nikashuka (nimekatazwa kushuka!), nikachomoa kijiti cha kupimia oili, nikakiinua juu nikakikagua kama daktari. Kitambaa cha kufutia sina. Nikavua kofia, nikakifuta kwa kofia, nikairudisha kichwani. (Kila siku kitambaa changu cha kazi hukaa kichwani. Mkono ulifuata mazoea, mimi simo.)

Nikachovya tena, nikachomoa. Oili imegusa ncha tu! Moyo ukanipasuka. Yaani tumetoka Bagamoyo mpaka hapa na injini kavu? Nikatoa kopo kubwa la akiba, nikamimina. Nikapima: ncha. Nikamimina. Ncha na kidogo. Nikamimina lote mpaka kopo likawa jepesi, kisha nikafunga boneti kwa kishindo ili jicho lisikie.

Jamani, oili hupimwa gari likiwa limesimama tambarare, na injini imezimwa kitambo, ili oili yote ishuke chini itulie. Hilo nalijua! Nimewafundisha wengine! Pale kilimani nusu ya oili ilikuwa bado haijateremka, na nusu nyingine ilikuwa imekimbilia mbele, wakati kijiti kiko nyuma. Injini ilikuwa haina shida yoyote. Mwenye shida nilikuwa mimi.

Wazee wakatoka wanacheka, nikajua mambo mazuri. Mzee Kombo akawasindikiza mpaka garini. Akanitazama. Oili ilikuwa inatoka kwenye kofia, inapita kwenye paji la uso, inashuka puani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba," akajibu, kwa sauti ya mtu anayeamkiwa na mbuzi mgonjwa.

Ami akaondoa jiwe. Lori likaserereka, nikatia gia, likawaka. Lahaula! Moshi! Moshi wa buluu, mzito, wa kupakua kwa upawa. Ukaifunika baraza, ukamfunika Mzee Kombo, ukaingia chumba chenye jicho. Kuku wakakimbia. Kanga zilizoanikwa sikuziona tena. Chini ya kilima, penye tambarare, injini ikakohoa ikazima.

Nikachomoa kijiti. Safari hii kimelowa mpaka shingoni! Ikabidi nilale chini ya lori, nifungue nati, niimwage oili iliyozidi, na nyingine ikanimwagikia mimi, Kerege nzima imesimama inatazama. Halafu wazee wakasukuma, na kanzu zao nyeupe. Na nani mwingine alikuwa anasukuma? Mkwe wangu.

Lori lilipowaka, Mzee Kombo akamshika Ami mkono, huku anahema.

"Ndugu yangu, neno langu ni lile lile. Binti nimeshatoa, na namshukuru Mungu anaolewa na fundi. Lakini mwambie mkwe wangu, siku ya harusi asithubutu kuletwa na mpumbavu huyu. Nisimwone tena mlangoni kwangu."

Ami Shabani akanitupia jicho.

"Nitamwambia," akasema. "Nitamwambia leo leo."

Na kule juu dirishani nikasikia mtu anacheka, anacheka mpaka anapaliwa. Mwanaidi alishanijua tangu nilipofungua boneti.

Basi msicheke na nyinyi, yeye ametosha. Harusi ipo. Natafuta dereva mwenye akili na sabuni kali, maana mkwe akiutambua uso huu nimekwisha. Mtakuja wote kunisindikiza. Ila atakayeniita dereva mbele ya Mzee Kombo, mimi simjui.